Goma: Mkate wa moto wenye fromaji ya Masisi, chakula cha dakika kumi kinachotegemea barabara

Goma – Saa moja ya jioni, katika kata za Ndosho na Katoyi kama ilivyo katika sehemu nyingi za mji, harufu ya maharagwe hutoka kwenye nyua. Maharagwe yaliyowekwa motoni tangu saa kumi mara nyingi bado ni magumu, makala yamepungua, na watoto wamekwisha uliza mara tatu kama chakula kimeiva. Ndipo katika nyumba nyingine sufuria husogezwa kando, kikaango huwekwa juu ya makala yaliyobaki, na baada ya dakika kumi kila mtoto ameshika mkate wa moto ambao fromaji yake inavutika kama uzi anapouma.

Chakula hiki hakina jina kubwa. Wengine wanasema croque, neno lililobaki tangu shule na mikahawa ya wakati wa Wabelgiji. Wengi husema tu mkate na fromaji. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayepanga chumba kimoja Himbi anakifahamu, mlinzi wa usiku anakifahamu, na mama anayerudi kutoka soko la Birere akiwa amechoka anakifahamu kuliko wote. Katika vitabu vya Kiswahili jibini ndilo neno lake, lakini ukiuliza jibini mbele ya meza ya muuzaji Goma, huenda akakutazama kwanza.

Mjini Kinshasa, fromaji ya Goma ni kitu cha duka kubwa, hukatwa vipande na kufungwa kwenye plastiki, na bei yake humfanya mtu afikirie mara mbili. Goma ni kitu cha sokoni. Duara la manjano la kilo moja ama zaidi linakaa juu ya meza, kisu kando yake, na mteja anasema: "Mama, nikatie robo ya ile laini." Wengine hununua kipande kidogo kuliko hicho, cha siku ile tu. Huliwa na ndizi mbivu, huliwa na mkate mkavu, huliwa na chai ya maziwa asubuhi. Kuiyeyusha ndani ya mkate ni njia mojawapo tu, lakini ndiyo inayofanya kipande kidogo kionekane kikubwa.

Maziwa ya milimani

Fromaji yenyewe inatoka juu, kwenye malisho ya wilaya ya Masisi: Mushaki, Kilolirwe, Ngungu, Lushebere na vilima vingine vya kijani ambavyo wageni wamezoea kuviita Uswisi ndogo. Huko ni baridi, majani ni mengi, na ng'ombe wapo tangu zamani. Wamisionari wa Kikatoliki na wenye mashamba makubwa ya enzi za Zaire walileta namna ya kutengeneza fromaji inayofanana na gouda ya Uholanzi, na wafugaji wakaishika kazi hiyo hata baada ya wageni kuondoka. Vita vya miaka ya 1990 vilimaliza sehemu kubwa ya mifugo. Fromaji ikarudi polepole, kila mara amani kidogo iliporudi.

Sababu yake ni rahisi kuelewa. Maziwa yaliyokamuliwa asubuhi huko Kilolirwe yanaweza kuharibika kabla ya kufika Goma ikiwa mvua imekata njia ama pikipiki imezuiliwa. Fromaji husubiri. Maziwa hupashwa moto, hutiwa dawa ya kugandisha, na yakishaganda hukatwa vipande vidogo ili maji yatoke. Kisha vipande hivyo hutiwa ndani ya umbo la mviringo, hukandamizwa kwa uzito, hulowekwa katika maji ya chumvi, na kuwekwa kwenye rafu za mbao ambako hugeuzwa mara kwa mara. Wiki chache baadaye duara liko tayari kushuka.

Kwa kilo moja ya fromaji ya namna hii yanahitajika karibu lita kumi za maziwa. Mkate mmoja wa moto uliotengenezwa vizuri hauhitaji zaidi ya gramu 40. Kwa hiyo ndani ya kila mkate kuna maziwa karibu nusu lita, na kilo moja inaweza kutosha mikate 25. Robo kilo ni mikate sita. Kwa nyumba ya watoto wanne, hesabu hiyo ina maana, hasa katika mji ambao nyama imekuwa ya siku moja moja. Karibu robo ya uzito wa fromaji ngumu kama hii ni protini, hivyo gramu 40 hizo zinampa mtoto protini kuliko yai moja.

Barabara inaonekana kwenye kikaango

Kati ya malisho na kikaango kuna barabara, na barabara hiyo inapita Sake, mji mdogo ulio kilomita zipatazo 25 magharibi mwa Goma. Wakaaji wa Goma hawajasahau Februari 2024, vita vilipokaribia Sake na njia ya Masisi kukatika: vyakula vilivyokuwa vikishuka kila siku vilipungua sokoni na bei zikapanda. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2025, AFC/M23 ilichukua Masisi-kati, kisha Sake, na mwishoni mwa mwezi huo Goma yenyewe. Umeme na maji vilikatika kwa siku kadhaa. Mabenki yalifunga milango. Uwanja wa ndege ulifungwa, na tangu hapo ndege za biashara zilizokuwa zikibeba abiria na mizigo kwenda Kinshasa hazikutua tena.

Kwa mtu wa fromaji, jambo hili la ndege si dogo. Kinshasa ndiyo ilikuwa soko lenye fedha. Mzigo uliopanda ndege asubuhi uliweza kuwa dukani siku ile ile au kesho yake. Njia nyingine zipo, za ziwa na za barabara kupitia nchi jirani, lakini ni ndefu, zina joto njiani, na kila mpaka una karatasi zake. Mtu angeweza kudhani kwamba fromaji isiyokwenda Kinshasa ingejaa Goma na kuwa ya bure. Si hivyo. Mfugaji bado ananunua chumvi na dawa za ng'ombe, pikipiki bado inahitaji mafuta, na mnunuzi wa Goma, ambaye mshahara wake hauji ama unakuja kwa shida, ananunua kipande badala ya duara.

Halafu kuna vizuizi. Watafiti wa shirika la IPIS la Ubelgiji walipovihesabu mwaka 2017, walipata vizuizi 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, vya jeshi, vya makundi yenye silaha, vya watumishi wa serikali na vya watu wengine. Wanaovisimamia wamebadilika mara nyingi tangu wakati huo, lakini mbeba mizigo anajua kwamba kila kamba iliyovutwa barabarani inaongeza kitu kwenye bei ya kilo.

Mama anayepika anaweza kuiona hali ya barabara bila kusikiliza redio. Njia ikifungwa kwa muda mrefu, fromaji inayofika imekaa sana: imekauka, ganda ni gumu, na ikiwekwa kwenye moto inatoa mafuta mengi kabla ya kulainika. Mfugaji akiwa na hofu ya kuporwa, hangoji wiki zitimie. Anauza upesi, na duara linafika Goma likiwa changa, jeupe kwa ndani, lenye maji. Hiyo nayo ikipashwa moto hulowesha mkate badala ya kuvutika. Ile nzuri kwa mkate wa moto iko katikati: ya manjano hafifu, ukiibonyeza kwa kidole inarudi polepole, ukiikata haivunjiki wala haishikamani na kisu. Wauzaji wanajua tofauti hii vizuri sana. Wanunuzi wengi hawaulizi, na ni vibaya, maana bei mara nyingi ni moja.

Namna ya kuifanya vizuri kwa makala kidogo

Kosa la kwanza ni moto mkali. Mkate huungua kabla ya joto kufika katikati, na mpishi anatoa kitu cheusi nje, baridi ndani. Fromaji ya aina ya gouda huanza kulainika mapema, mafuta yake yakiyeyuka, lakini ili ivutike sawasawa inahitaji kufika karibu digrii 60 na zaidi, bila haraka. Makala mapya yanayotoa mwali hayafai. Yanayofaa ni yale ya mwisho, yaliyokwisha kuvaa majivu. Ndiyo maana chakula hiki kinaendana na sufuria ya maharagwe: kinatumia moto ambao ungekufa bure. Mji ambao sehemu kubwa ya makala yake hutoka katika misitu ya mbuga ya Virunga hauna sababu ya kuwasha mbabula upya kwa ajili ya mkate.

Mkate wa jana ni bora kuliko wa leo. Ule uliotoka tanuri asubuhi una unyevu mwingi, unasinyaa chini ya uzito na kuwa kama ugali. Mkate wa siku moja hukauka vizuri na kushika rangi. Mkate mrefu, ukipasuliwa kwa urefu na kubanwa, unafaa. Ule wa mraba unakatwa vipande visivyozidi unene wa kidole. Ukikatwa mnene, joto halifiki.

Fromaji isikatwe vipande vikubwa. Ikatwe myembamba kabisa, ama ikwaruzwe kwenye chuma cha kukwaruzia, kwa sababu vipande vidogo huyeyuka pamoja na hujaza nafasi yote ya mkate. Hapo ndipo gramu 40 zinaonekana kama 80. Fromaji iliyo ngumu sana inaweza kuokolewa: ikwaruzwe, ichanganywe na kijiko cha maziwa au na tone la maji, ikae dakika tano. Ile changa yenye maji ibanwe kwanza ndani ya kitambaa safi.

Wengi hupaka margarini ndani ya mkate. Ndani tayari kuna mafuta ya fromaji. Margarini, Blue Band ama nyingine yoyote, inapaswa kupakwa nje, upande unaogusa chuma, kwa wembamba. Ndiyo inayoleta ile rangi ya dhahabu na mlio wa kukatika unapouma. Asiye na margarini atumie mafuta ya kupikia kidogo, aliyapake kwa kitambaa kikaangoni. Mafuta ya mawese nayo yanawezekana na yanatoa rangi nzuri, ingawa ladha yake inaifunika fromaji, na hapo mtu afadhali angekula sombe yake kwa amani.

Ndani, zaidi ya fromaji, vitu vichache. Kitunguu kilichokatwa kama karatasi, pilipili kidogo, labda nyanya ambayo mbegu zake zimeondolewa, kwa sababu maji ya nyanya ndiyo adui wa mkate. Avokado isiingie motoni. Ipakwe baadaye, mkate ukishatoka. Kuna wanaoongeza sambaza za kukaanga za ziwa Kivu, jambo ambalo Mfaransa angelipinga, lakini sambaza tatu zilizokauka vizuri katikati ya fromaji ya Masisi ni kitu cha kujaribiwa angalau mara moja. Mayonezi haina kazi hapo.

Kisha mkate hufungwa na kulazwa kikaangoni, na juu yake huwekwa sufuria ndogo yenye maji, ili uzito uubane. Dakika tatu ama nne, hugeuzwa, tena dakika tatu. Kama fromaji bado haijalainika, kuna mbinu ambayo akina mama wanaooka keki juu ya mbabula wanaijua zamani: kufunika kikaango kwa kifuniko cha bati na kuweka makala machache juu ya kifuniko. Joto linashuka kutoka juu pia, na katikati panaiva bila mkate kuungua chini. Kwenye nyumba zinazopata umeme wa Virunga Energies, kutoka bwawa la Matebe lililozinduliwa Desemba 2015, baadhi wana kifaa cha kubana mkate, na kazi inakuwa ya dakika tano. Umeme ukikatika, kifaa hicho kinabaki kabatini na mbabula inarudi uani.

Uani, si chumbani. Wakati wa mvua, ama usiku ambapo milio ya risasi inawazuia watu kutoka, baadhi huingiza mbabula ndani ya chumba na kufunga mlango. Makala yaliyovaa majivu, yale yale yanayofaa kwa mkate, hayatoi moshi wa kuonekana, lakini yanatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu ambayo huua watu wakiwa usingizini. Mlango na dirisha viwe wazi, na makala yatolewe nje kabla ya kulala.

Kuna pia suala la maziwa mabichi. Si kila fromaji ya milimani imetengenezwa na maziwa yaliyochemshwa vya kutosha, na maziwa mabichi ya ng'ombe yanaweza kubeba ugonjwa wa brusela, unaoleta homa za kurudi-rudi na kuharibu mimba. Madaktari huwashauri akina mama wajawazito wasile fromaji ya maziwa mabichi ikiwa baridi. Kuipasha hadi itokote kabisa kunapunguza hatari, ambayo ni sababu nyingine ya kutoutoa mkate kikaangoni mapema. Duara nalo lisiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kwa maana hutoa jasho na kuota ukungu. Kitambaa kikavu, mahali penye baridi, mbali na mafuta ya taa na sabuni, vinatosha kwa siku kadhaa katika mji ulio mita zaidi ya 1400 juu ya bahari. Ukungu ukiota juu ya ganda la duara gumu, hukatwa pamoja na kipande kinene chini yake. Ukiota kwenye fromaji changa na laini, yote hutupwa.

Kutoka Paris hadi Birere

Wafaransa wanakiita chakula hiki croque-monsieur, na kwao ndani huwekwa pia nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi. Mikahawa ya Paris ilikuwa ikikiuza tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na mwandishi Marcel Proust alikitaja katika kitabu chake cha mwaka 1919. Yai la kukaanga likiwekwa juu, kinaitwa croque-madame. Wabelgiji walikipenda, wakakifanya chakula cha mikahawa yao ya kawaida, na pamoja na mambo mengine kikafika Kongo. Lakini katika sehemu nyingi za nchi hii mkate wa namna hiyo ulibaki wa hoteli, kwa kuwa fromaji yake ilitoka Ulaya ikiwa imefungwa kwenye karatasi ya fedha. Goma haikuhitaji kungoja ndege. Ilitazama tu mlima ulio nyuma yake.

Leo kwenye meza za Birere, vipande vinavyokatwa ni vidogo kuliko vya zamani, na muuzaji huviweka karibu na kisu ili mteja asiwe na haja ya kuuliza bei ya duara zima. Jioni inapoingia, kinachobaki ni mabaki ya ganda ambayo watu wengi hutupa. Wajuzi huyanunua kwa franka chache, huyakwangua kwa kisu, huyaosha kwa maji ya moto, na kuyatumbukiza ndani ya sufuria ya maharagwe nusu saa kabla ya kuiva. Ganda haliyeyuki lote, lakini mchuzi unakuwa mzito na wenye chumvi yake, na kipande kilicholainika hupewa mtoto aliyekosa mkate.